Dakika tatu kwenye kikao cha fedha za kaunti: niseme lipi?

mama_wawili (Ijumaa)

Habari za jioni wenzangu. Jumanne kuna kikao cha kutoa maoni kuhusu mpango wa fedha wa kaunti, ukumbi wa jamii wa hapa kwetu, ndani kidogo ya Thika Road. Nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini (itakatwa, najua). Jirani ambaye huhudhuria ameniambia kila mtu hupewa dakika tatu. Mimi nina maneno ya saa tatu.

Hali yangu ni hii. Nafagia na kupiga deki ofisi Westlands, mshahara 17,000. Tangu nihamie hapa 2014, matatu zilikuwa zikijaza kwenye uwanja ulio karibu na soko, dakika nne kwa miguu kutoka mlangoni kwangu, hata ukiwa na mtoto mgongoni. Mwezi wa kumi uwanja ukazungushiwa mabati, usiku mmoja tu. Ukaja ubao wenye picha ya ghorofa, halafu ubao nao ukaondoka. Steji ikasukumwa hadi kando ya lami kuu. Saa kumi na moja asubuhi njia ya huko si ya mwanamke kupita peke yake, kwa hiyo napanda boda, 50. Jioni 50 tena. Mia moja mara siku 26 ni 2,600.

Sasa tazama upande wa pili. Kifungua mimba wangu yuko gredi ya tatu, shule ya umma. Ana ile bangili ya Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi wa chakula cha shule, anagusisha, anakula kwa shilingi 5. Mia yangu ya boda ni sahani 20 za mtoto. Nikimwambia mtu kwamba steji na chakula cha shule ni jambo moja ananitazama kama nimechanganyikiwa, kwa sababu kwenye makaratasi kila kimoja kina idara yake. Kwenye pochi yangu vinalala pamoja.

Nilitaka pia kuuliza ule mstari mwekundu uliochorwa Thika Road 2018, tukaambiwa ni njia ya mabasi ya kasi. Na nauli inayopanda wingu likitanda tu. Nianze na lipi?

Karani mstaafu

Mama wawili, pole na hongera. Nimeandika kumbukumbu za vikao vya namna hii miaka mingi, nivumilie nikiongea kikarani.

Mstari mwekundu uache. Thika Road ni barabara ya taifa, iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Hayo mabasi ya kasi, yaani BRT, ni kazi ya NaMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na majirani zake, iliyoundwa 2017 na inayoshughulikia kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Ukiuliza hilo afisa atafurahi sana, maana atajibu "hilo si letu" na dakika zako zitakuwa zimekwisha. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti barabara zake, taa, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, mipango ya ardhi na shule za chekechea. Steji yako inaingia humo kwa zaidi ya mlango mmoja.

Umebahatika na mwezi pia. Mpango huo wa fedha ndio waraka wa Februari, ambao sheria inataka ufikishwe bunge la kaunti kufikia tarehe 28. Humo ndimo kila idara inapowekewa kikomo cha fedha. Makadirio yenyewe huja mwisho wa Aprili, na hapo ndipo watu wengi huamka. Wakati huo mnagombania makombo, chakula kimeshapakuliwa.

Kuhusu uwanja, usiseme "umenyakuliwa". Utaulizwa ushahidi na kijana wa suti, ukumbi mzima unakutazama. Uliza hivi: ploti hii ni nambari ngapi, imeandikishwa kwa matumizi gani, na kama yamebadilishwa, nani aliidhinisha? Kisha swali hilohilo lipeleke kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu.

Jirani wa Kasarani

Utapewa soda, mandazi na karatasi ya kutia sahihi. Ile sahihi ndiyo kikao. Mengine burudani.

Makanga wa zamu ya asubuhi

Mama, kama si wewe mwenye kile kiondo cha buluu basi ni pacha wako.

Nauli haipangwi na kaunti. Gari ni la mtu, na mwenye gari anataka hesabu yake jioni, mvua au jua. Lakini hamjui kitu kimoja. Pale uwanjani tulikuwa tunageuza, tunajaza, tunatoka. Kando ya lami tukisimama dakika mbili tunafukuzwa, kwa hiyo tunaondoka na viti vitupu, na vile viti unavilipia wewe. Asubuhi ilikuwa 80, sasa 100. Mliona ni tamaa yetu.

Sahihi nitatia. Kikaoni siendi, siku yangu ni ya mwenye gari.

Karani mstaafu

Huyo makanga amesema jambo kuliko mimi. Na sahihi zikipatikana, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Halihitaji wakili.

mama_wawili (Alhamisi usiku)

Nimerudi. Nilikuwa wa 14. Mzee aliyenitangulia aliongea kuhusu mtaro dakika kumi na moja, zangu zikawa mbili. Nikaacha nauli, nikaacha hata zile sahani 20, na ndizo nilizokuwa nimezipenda zaidi. Nikauliza ploti. Afisa akasema swali zuri, akaandika. Nikamuuliza ameandika nini. Watu wakacheka, lakini akasoma: "mkazi anauliza kuhusu uwanja." Nikamwomba aongeze nambari na matumizi. Akaongeza.

Kisha nikachungulia waraka wenyewe, nakala nne kwa watu kama themanini. Kwenye orodha ya wadi yetu kuna taa za barabarani, na njia iliyotajwa ni ileile ninayoilipia boda. Nilifurahi kidogo tu. Halafu nikawaza: anayepanga taa za kwenda steji mpya ameshakubali kwamba ya zamani hairudi. Nikipinga, si nitakuwa nimejizimia taa kwa mkono wangu? Hadi leo sijaamua vizuri. Barua nimeiandika hivi: taa tunazitaka, na swali la ploti liko palepale.

Jirani wa Kasarani, soda haikuwepo. Mandazi yalikuwepo.

Karani, barua nimeipeleka leo mwenyewe, nakala yangu imegongwa muhuri, na siku 21 nazihesabu kwenye kalenda ya buchari. Lile ombi lina sahihi tisa. Wewe wa zamu ya asubuhi, karatasi iko ndani ya kiondo. Kesho saa kumi na moja na robo, na uje na kalamu yako, yangu inavuja.