Naoa mwakani, mama anataka nibaki nyumbani. Mnashaurije?

Kijana_Tandika:
Habari za muda huu ndugu zangu, naomba ushauri wa kweli maana silali vizuri. Nina miaka 31, nakaa nyumba ya marehemu baba hapa Tandika, ile ya kiswahili, vyumba vitatu huku vitatu huku korido katikati, choo na jiko uwani. Mama ana 64 na presha, dada yangu karudi na wanawe wawili baada ya ndoa kuvunjika, mdogo wangu yuko chuo, na vyumba viwili tumepangisha. Mama anasema usitupe hela kwenye kodi, ongeza chumba na choo chako uwani ukae na mkeo. Mchumba wangu anampenda sana mama ila anasema anataka aanze kwake hata kama ni chumba na sebule Chanika huko. Nimeulizia vyumba, wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu, yani hiyo hela uwani naanza nayo ujenzi kabisa. Kinachoniuma ni mama, nikihama usiku presha ikipanda nani atamkimbiza hospitali?

Baba_Twins:
Kaka hama. Choo kimoja jiko moja mke mgeni na wifi mwenye watoto, hapo kila siku utakuwa hakimu. Na watu siku hizi wanapungua majumbani, sensa ya 2012 wastani ulikuwa watu 4.7 kwa kaya, ya 2022 ni 4.3, kwa hiyo usione kama wewe ndo wa kwanza kumuacha mama.

Mama_wa_Magomeni:
Mwanangu, mimi nipo umri wa mama yako na nakaa na mkwe ndani ya nyumba, tunaishi vizuri alhamdulillah, kwa hiyo sisemi haiwezekani. Ila rudia kusoma ulichoandika. Umeuliza nani atamkimbiza mama hospitali na dada yako umemtaja kama mtu aliyerudi tu na watoto. Wewe unatoka asubuhi kazini, anayejua dawa zimebaki ngapi na mama kala nini ni nani kama sio yeye? Usimfanye mgeni kwa baba yake. Kaa naye, muulize kama akibaki na mama wewe utachangia nini kila mwezi, na sio mkiwa mnapishana koridoni, kaeni chini mpange, unga, LUKU, ada za wale watoto. Halafu vile vyumba vya wapangaji msiviguse hata iweje. Zanzibar mzee akifika 70 ana pensheni jamii tangu 2016, huku bara mzee ambaye hakuajiriwa hana, kwa hiyo hiyo kodi ndo pensheni ya mama yako. Na huyo binti kukwambia ukweli kabla ya ndoa ni heshima kubwa, wengi wananyamaza wanakuja kulia baadae.

mjengo_temeke:
Mkuu mimi swali langu moja, baba alivyofariki mirathi mlifungua? Maana naona wote mnaongelea choo. Kwetu kaka alijenga vyumba viwili uwani kwa mzee kwa jasho lake, leseni ya makazi ina jina la mzee peke yake, mzee alivyoondoka wakatokea watoto wa mama mwingine, nyumba ikauzwa, na vile vyumba vya kaka vikagawanywa humo humo kama mali ya marehemu. Mpaka leo hawasalimiani. Mama hawezi kukupa kipande cha uwani kwa mdomo wakati hata yeye mwenyewe hajathibitishiwa fungu lake. Itisheni kikao cha familia, muhtasari uandikwe wote wasaini, mteueni msimamizi, mwende mahakama ya mwanzo. Kabla ya hapo usinunue hata tofali. Kama haraka ni ya harusi panga hapo hapo Tandika, dada akipiga simu usiku unafika kwa mguu.

Kijana_Tandika:
Shikamoo mama wa Magomeni, kwa dada umenigusa, nikirudi leo naongea nae. @mjengo_temeke mirathi hatujafungua, miaka minne sasa, tulikuwa tunaona ni nyumba yetu tu haina shida, na kuna kaka yetu mmoja wa mama mwingine yupo Morogoro, na yeye tumuite?

mjengo_temeke:
Muite huyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkimficha akija kujua anapinga mahakamani na mnaanza upya. Tafuteni na cheti cha kifo cha mzee, kama hamjawahi kukichukua RITA anzeni na hicho.

Mama_wa_Magomeni:
Marahaba mwanangu. Na nauli ya huyo kaka mtumie wewe.