Kaigonga ngoma ya mtemi kwa UFUNGUO WA GARI!!!

Mleta uzi: Jiwe la Bismarck

Wadau, mtembeza wageni huyu simtaji. Mnamjua. Kofia ya chui wa bandia, filimbi shingoni kama refa wa ndondo, anawabeba wageni kutoka mjini na kelele zake zinasikika mpaka Sengerema ng'ambo ya maji. Leo kaingia nao Bujora, makumbusho ya Wasukuma karibu na Mwanza, kwenye banda la watemi, yaani machifu wa zamani, kachomoa ufunguo wa gari akaigonga ngoma ya mtemi. Ko, ko, ko! Halafu kacheka.

Narudia kwa waliochelewa kufika: ufunguo. Wa gari. Kwenye ngoma ya mtemi.

Ile si ngoma ya kipaimara. Wazee waliomshauri mtemi na kumsimika waliitwa banang'oma, jina limetoka kwenye ngoma hiyohiyo. Na tuache heshima kidogo, tuseme ngozi tu. Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa zamani imeisha mafuta, imekuwa kama karatasi. Mkono mtupu inauvumilia. Chuma chenye ncha kinaiachia kovu, kovu linakuwa ufa, ufa unakimbilia ukingoni kwenye vigingi ambako ngozi imevutwa kuliko kote. Ikifika hapo haishonwi. Inavuliwa na kuwambwa nyingine, na hapo una mzinga wa zamani wenye uso mpya. Yote hayo kwa ko ko ko ya mtu anayetaka wageni wacheke!

Na maneno yake sasa. Eti "hapa alikaa mfalme wa Wasukuma". Mfalme yupi? Usukuma ulikuwa na tawala nyingi, kila moja na mtemi wake, ndiyo maana mle ndani ngoma ni nyingi. Eti jengo limejengwa kama uyoga. Uyoga!! Lile ni umbo la kiti cha mtemi, mtoto wa darasa la pili anakiona. Eti Wajerumani ndio waliofuta utemi. Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru wake. Eti mtoto wa mtemi alirithi tangu enzi na enzi. Zamani aliyerithi ni mtoto wa dada yake mtemi, kwa sababu damu ya upande wa mama haina ubishi. Urithi wa baba kwa mwana ulishika nguvu wakati wa wakoloni.

Lakini hayo yote ningemsamehe. Ufunguo simsamehi.

Ngosha wa Igoma
Mkuu, na wewe ukasimama unahesabu ko ngapi? Ungempokonya.

Jiwe la Bismarck
Alishautia mfukoni. Ufunguo wa Noah, kaka! Ya kukodi!

Mama Sato
Pole mdogo wangu. Ila kosa lake lilianza mlangoni, huwa anawakimbiza wageni moja kwa moja kwenye banda la watemi ili wapige picha. Bujora inaanzia kwenye nyumba za Kisukuma, unaenda kwa balongo, yaani wahunzi, uone majembe yalivyofuliwa, kisha mganga, kisha banda la vikundi vya ngoma. Watemi ni wa mwisho. Ukishajua jembe, ng'ombe na mvua ndipo unaelewa mtemi alikuwa na kazi gani, maana mvua ikigoma yeye ndiye aliyeulizwa. Na kanisani msipite tu. Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha mambo yale miaka ya 1950, alilijenga duara kama nyumba ya Kisukuma, na altare ina umbo la kiti cha mtemi. Ziara ya muda wa saa mbili na nusu ndiyo haki yake. Yule anatumia dakika arobaini.

Dada wa Nansio
Afadhali ninyi mmefika. Huku Ukerewe watembezaji wa aina hiyo wanawaahidi wageni ikulu ya watemi Bukindo, meli inatia nanga Nansio, wanakula sato, wanapiga picha ufukweni, wanarudi. Nansio SI Bukindo! Ukishuka melini bado una safari ya gari au bodaboda. Anayeogopa meli azunguke Bunda, avuke Kisorya kwenda Rugezi, maji ni machache.

Mhaya Mkimya
Yupo mwingine anawapeleka watu Kampala, anawaambia Kasubi ni ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kasubi ilikuwa ikulu ya Muteesa I, akazikwa humo 1884, tangu hapo ni makaburi ya kabaka wanne. Ndiyo iliyoungua Machi 2010. Ikulu ni Lubiri ya Mengo, ile iliyovamiwa na jeshi la Obote Mei 1966, Muteesa II akakimbilia Uingereza. Kasubi unavua viatu na pazia la magome ya mti husogelei. Mtembezaji huyo aliingia na raba.

Ngosha wa Igoma
Raba na ufunguo kipi kibaya?

Jiwe la Bismarck
UFUNGUO.

Bodaboda Kisesa
Mnamsema yeye, na ninyi mnaoshuka daladala Kisesa mkabishania nauli ya kupanda kule juu? Tembeeni basi, na jua la saa saba.

Nungunungu
Kwanza mngekuja Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, mngeona ngoma zinavyopigwa. Sisi kikundi cha Bagika tunawafunika wapinzani wetu Bagalu kila mwaka.

Mwana wa Gumha
Mnamfunika nani? Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mwaka jana upande wenu walibaki wauza karanga.

Jiwe la Bismarck
Jamani, turudi kwenye ngoma ya mtemi.

Nungunungu
Wauza karanga walikuwa wenu! Sisi tulitoa chatu, watu wakahama wote.

Mama Sato
Chatu si ushindi. Watu walikuwa wanakimbia.