Waliowahi kutembeza mbwa usiku Tanga, tupeane uzoefu

Mgosi wa Sahare
Wakuu, habari za usiku. Kipupwe hiki jua linawahi kuzama, saa kumi na mbili na nusu kiza kimeshatanda, na mimi kazini natoka saa kumi na moja na nusu. Nikifika Sahare, nikaoga, nikala mawili matatu, nje hujui mtu hujui mnazi. Hapo ndipo jibwa linapodai kutoka.

Historia fupi: bosi wangu Mjerumani kamaliza mkataba karudi kwao, kaniachia Shepadi mweusi tii. Kazoeshwa kutembezwa kila jioni. Usipomtoa anakwangua mlango hadi alfajiri, na majirani nao namba yangu wanayo. Kibaya zaidi Kiswahili hakijui. Ukimwambia "tulia" anakutazama tu.

La jana ndilo limenileta hapa. Umeme umekatika, mimi niko upande huu wa uchochoro, yeye kaenda kunusa nguzo upande wa pili, kamba imekaza katikati. Muuza mikate ya mofa anakuja na baiskeli. Hana taa, mimi sina taa, mbwa ndiyo usijiulize. Kapita na kamba mzimamzima. Mikate ikatapakaa mchangani na mbwa akala miwili mbele ya mwenyewe. Nimelipa tenga zima na matusi nimeyala juu yake. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Baharia Mstaafu
Mbwa mweusi, usiku wa kiza, Tanga. Mie nakwambia subiri tu uitwe mwanga.

Mama Jumbe
Hahahaa mikate miwili! Mwache aonje mofa, kwao hawapiki.

BintiChuda
Mgosi umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa na mbwa wa kahawia, usiku hata mimi mwenyewe nilikuwa namkanyaga. Nikanunua kizibao cha bodaboda, kile cha kijani chenye mistari inayong'aa, nikakipeleka kwa fundi cherehani Ngamiani anipunguzie. Nikamtajia vipimo: kifua inchi ishirini na nne, shingo kumi na nne, urefu wa mgongo hivi. Fundi akaandika, akafikiri, akaniuliza, "Mtoto mwenyewe ana umri gani?" Nikamwambia mitatu. Akaniuliza tena mbona mikono minne. Ilibidi niseme ukweli.

Alikishona vizuri lakini. Tumboni kaweka zile nailoni za kunata, unavaa na kuvua bila kuhangaika. Tangu hapo gari likija unaona ule mstari wa fedha unawaka kutoka mbali, dereva anapunguza mwendo mwenyewe.

Dume la Mwahako
Mbwa anashonewa nguo na mimi shati la Idi nimevaa la mwaka juzi.

Mtanga Ughaibuni
Salaam kutoka Helsinki, mimi mzaliwa wa Makorora. Mnalalamikia giza la saa kumi na mbili na nusu? Huku Desemba jua linazama saa tisa na robo alasiri na kuchomoza ni karibu saa tatu na nusu asubuhi. Mbwa anatembezwa gizani akienda na gizani akirudi, juu ya barafu. Huku Ufini mtu atembeaye gizani huvaa kitu cha kuakisi mwanga. Watoto wa shule wote wanavyo vidude vya plastiki vinaning'inia kwenye koti.

Nililojifunza: kiakisi usikiweke juu kifuani peke yake. Kining'inie usawa wa goti, kwa sababu dereva akiwasha taa ya chini mwanga unapiga huko. Na kiwe upande wa barabarani. Mbwa naye avishwe ukosi wenye kitaa, wapo wanaouza wa kuchaji. Kamba iwe fupi. Zile kamba ndefu zinazojivuta zenyewe usiku ni mtego, ushahidi ni mikate ya Mgosi.

Mkiwa na majira ya baridi kama yetu ningewaambia na habari ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, inawaunguza mbwa nyayo mpaka unawaosha miguu mlangoni. Ila huko hamna shida hiyo.

Baharia Mstaafu
Ughaibuni, umetoka Makorora hujui hata taa ya koroboi, leo watufundisha giza.

Mtanga Ughaibuni
Mzee wangu shikamoo. Nimeuliza tu kama mnahitaji.

Baharia Mstaafu
Marahaba. Hiyo ya goti lakini umesema kweli.

Abuu Twaha
Ndugu zangu, mimi nauliza tu kwa wema. Mji wetu una misikiti kila mtaa. Mtu anatoka na udhu wake kwenda Isha, gizani anajikuta kaguswa na pua ya mbwa. Unajua kuosha mara saba, moja kwa udongo, saa mbili usiku maji hayatoki? Mbwa akae uani kwako.

Mkavu kwa Mkavu
Ustadhi, hata katika madhehebu yetu ya Shafi kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi. Ni ule unyevu, mate na jasho. Na wa ulinzi na wa mifugo karuhusiwa, tusiwatishe watu.

Abuu Twaha
Pua ya mbwa ni kavu lini?

Mkavu kwa Mkavu
Hapo umenipata. Lakini hoja ni kumshika kamba fupi, sio kumfungia.

Abuu Twaha
Basi na wakati wa adhana asipite mbele ya mlango wa msikiti. Tumemaliza.

Mama Jumbe
Jamani mada ni giza, mmeshaingia twahara.

Bodaboda wa Chumbageni
Na sisi tusemwe vizuri. Kila ajali ni bodaboda, kumbe mtu kavaa nyeusi, mbwa mweusi, anatembea kushoto ananipa mgongo. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo wewe mwenda kwa miguu tembea kulia, uone kinachokuja kikija. Mbwa akae upande wa majani, wewe uwe upande wa lami. Halafu tochi ya simu usinimulike machoni ukidhani unanisaidia. Mulika chini.

Dume la Mwahako
Na wewe washa taa. Unazima ukidhani unaokoa betri?

Bodaboda wa Chumbageni
Taa yangu inawaka. Sema baiskeli. Mji mzima baiskeli na dainamo hakuna.

Mkonge Hadi Kufa
Nimesoma nikasema nipite, nimeshindwa. Hii sijawahi kuiandika popote.

Nilikuwa nakaa Pongwe, pembeni mwa mashamba ya mkonge. Mbwa wangu Simba, wa kienyeji tu, ila nilikuwa nampeleka chanjo kila mwaka. Mwezi wa saba, usiku, umeme hakuna, tunarudi kwa njia ile ya katikati ya mistari ya mkonge. Simba akasimama. Manyoya ya shingoni yamesimama mpaka mkiani, hangurumi, habweki. Nikamvuta, hasogei. Nikawasha tochi ya simu.

Mbele yetu kuna mbwa kasimama katikati ya njia, kichwa kakining'iniza, denda linamtoka linafika chini, miguu ya nyuma inayumba. Kilichoniogopesha ni ule ukimya. Mbwa mgeni akikuona usiku lazima abweke. Huyu alifungua mdomo, ikatoka sauti ya kukwama, ya kukauka, hata siwezi kuielezea. Akaja moja kwa moja.

Simba alimkabili. Wakabiringishana, mimi napiga teke, napiga kelele, simu imeanguka inamulika angani. Katika kuwatenganisha yule mbwa kanishika shavu la mguu juu ya suruali. Nilihisi meno yamegonga. Wakaja watu na mapanga, wakammaliza pale pale.

Sasa sikilizeni. Kuna bibi jirani, Mzigua, akanikalisha kwenye jiwe la kufulia. Kijana mmoja kaja na tumbaku anataka kunipaka, mwingine kashika kopo la mafuta ya taa. Bibi kawafukuza wote. Akachukua mche wa sabuni ya kufulia na madumu ya maji, akaniosha kidonda maji yakitiririka. Kila nikisema yatosha ananambia bado. Baadaye daktari aliniambia ni hivyo hivyo inavyotakiwa, maji na sabuni si chini ya dakika 15, halafu hospitali. Bibi hakuwa na saa. Alimaliza dumu, akaomba lingine.

Kituo cha kwanza wakasema chanjo ya kichaa cha mbwa imekwisha, njoo Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Nikakodi bodaboda usiku ule ule, kituo cha pili ikapatikana. Nikachomwa, nikapewa kadi: siku ya 3, ya 7, ya 14. Bei siitaji, ila niliuza baiskeli. Daktari wa mifugo alikuja asubuhi kuchukua kichwa cha yule mbwa kwenda kupimwa. Simba akachomwa chanjo ya kuongezea, nikaambiwa nimfunge na kumwangalia siku 45.

Siku zile 45 kila akinywa maji nakaa namtazama kama anameza.

Mama Jumbe
Ya Rabi. Ukapona?

Dume la Mwahako
Sasa hapa anaandika nani?

BintiChuda
Na Simba je?

Mkonge Hadi Kufa
Simba alikufa kwa uzee, miaka baadaye. Kovu la sikio alikuwa nalo.

Kijiti cha Muheza
Sisi kwetu tunapaka tumbaku na watu wanapona, tusidharau dawa za wazee.

Mkonge Hadi Kufa
Wanapona kwa kuwa mbwa aliyewang'ata hakuwa na kichaa. Mwenye kichaa akikung'ata, dalili zikishaanza hakuna wa kukurudisha. Usimwambie mtu hivyo tafadhali.

Kijiti cha Muheza
Nimesema tu.

Mkonge Hadi Kufa
Usiseme.

Mtoa Chanjo Mstaafu
Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, aliyosema huyu bwana ni sawasawa. Ile sauti ya kukwama ni koo linapooza, ndiyo maana na denda halimezwi. Mwingine anakuwa mkali, mwingine anajilaza tu kivulini ukadhani mgonjwa wa kawaida ukamshika mdomo, hatari ni ile ile. Mtoto wa mbwa chanjo ya kwanza akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kampeni za bure mara nyingi zinapangwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur aliyetengeneza chanjo yenyewe. Mgosi, muulize bosi wako kadi ya chanjo ya huyo Shepadi iko wapi kabla ya kuuliza habari za taa.

Mgosi wa Sahare
Kadi ipo, imeandikwa Kijerumani. Naona mihuri tu.

Mtoa Chanjo Mstaafu
Tazama tarehe.

Mgosi wa Sahare
Imepita mwezi wa tano. Kesho naenda.

Mwana wa Dunda
Bagamoyo hapa. Mimi natembea na wangu siku za mbalamwezi, nikiona mwezi mwembamba tunazunguka nyumba tu basi. Ufukweni usiku sikushauri, vibaka wanakaa nyuma ya madau, na ukiwa na mbwa mpole wanaondoka na mbwa pia. Mbwa koko wakikuzunguka, inama kama unaokota jiwe. Hata kama hakuna jiwe. Dawa hiyo haijawahi kukataa.

BintiChuda
Ukiwa na mbwa wako usiiname, wangu nilipoinama alikimbia yeye.

Mwana wa Dunda
Huyo mbwa wako wa kizibao kazoea raha.

Mkwezi
Mnasahau nyoka. Moma usiku analala njiani penye mchanga wenye joto na hakimbii akisikia hatua kama nyoka wengine, anakusubiri. Mbwa anatanguliza pua. Tochi imulike hatua tatu mbele, sio mbali. Na swila akimtemea mbwa machoni, osha kwa maji mengi mfululizo, msimpake maziwa wala nini.

Baharia Mstaafu
Mbwa akisimama ghafla akakodolea pasipo na kitu, hilo si nyoka wala kichaa. Sema bismillahi ugeuze.

Mtoa Chanjo Mstaafu
Mzee, mbwa anaona gizani kutuzidi, nyuma ya jicho ana kitu kinachorudisha mwanga, ndiyo maana macho yanawaka ukimmulika. Na masikio ndiyo usiseme. Anasikia panya mtaa wa pili.

Baharia Mstaafu
Panya wa mtaa wa pili ana jina. Mie sisemi.

Mgosi wa Sahare
Nashukuruni wote. Kamba nimeikata fupi, kulia nitatembea, msikitini sipiti. BintiChuda, huyo fundi wa Ngamiani nampataje?

BintiChuda
Yuko Barabara ya 12, kibaraza chenye mlango wa bluu. Ukisema ni ya mbwa anapandisha bei. Mwambie mtoto mnene.