Kenchi imegusa dohani: je, ni salama kuwasha moto?

Mwenye nyumba, Mafinga
Habari zenu, ndugu zangu. Nimenunua nyumba ya zamani yenye meko sebuleni na dohani (bomba la kutolea moshi) ya matofali ya kuchoma inayopita darini hadi juu ya bati. Nilipopanda darini kukagua nyaya za umeme, nilikuta mbao ya chini ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) imeegemezwa kwenye dohani, na papi mbili (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati) zimebanwa kabisa na matofali. Mahali zinapogusana, mbao imekuwa ya kahawia iliyokolea, na ukiikwaruza kwa kucha inatoa unga. Fundi mmoja amenishauri nipige plasta ya saruji hapo katikati, kwa maelezo kwamba tofali lenyewe ni kinga tosha. Watoto wanalala chumba kinachopakana na dohani hiyo, na baridi ya Juni ndiyo hii imeanza. Naomba ushauri.

Fundi ujenzi, Njombe
Ndugu yangu, tafadhali usiwashe moto katika meko hiyo mpaka mbao zimeondolewa. Tofali halizuii joto, bali hulichelewesha tu, na plasta nayo hulipitisha vilevile. Mbao mpya kwa kawaida huhitaji joto la nyuzi 250 za Selsiasi au zaidi ili iwake, lakini ikipashwa joto kidogo kidogo kwa miaka mingi hubadilika ndani, ikawa karibu na mkaa, na hapo huweza kushika moto kwa joto la chini zaidi, bila mwali wowote kuifikia. Huo unga ulioukwaruza ni dalili kwamba mabadiliko hayo yameshaanza.

Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani hutaka nafasi ya inchi 2 kati ya mbao na dohani iliyo ndani ya nyumba, na mimi huzifuata hata kwa kazi zangu za huku. Nafasi hiyo ibaki na hewa tupu. Usiijaze saruji, maranda wala sufi ya kuzuia joto. Usawa wa dari ndio pekee unaozibwa, kwa vipande vya bati, ili moto ukitokea chini usipande kwa kupitia upenyo huo.

Kuhusu kenchi, usikubali ikatwe kiholela, kwa sababu inabeba paa. Kwanza iegemezwe kwa nguzo za muda. Kisha mbao mbili imara zipite pande zote mbili za dohani, na nyingine ikingame kati yake ili kupokea ncha ya kenchi iliyokatwa.

Seremala, Tukuyu
Naunga mkono, ila naongeza jambo ambalo huku kwetu hupuuzwa sana. Wengi tunachoma mabanzi ya paini (mabaki ya magogo yaliyopasuliwa) yanayotoka kiwandani yakiwa bado mabichi, kisha dohani ikichafuka tunalaumu utomvu. Kosa kubwa ni unyevu: kuni mbichi hutoa moshi mzito usio na joto, unaoganda ndani ya dohani kuwa lami nyeusi, na lami hiyo ikishika moto, joto huweza kupita nyuzi 1,000 na kupasua viungo vya matofali. Dohani isuguliwe kabla ya kila msimu wa baridi, na kuni zikaushwe chini ya kivuli chenye upepo kwa miezi sita au zaidi.

Ukishamaliza matengenezo, choma majani mabichi machache mekoni, huku mtu mwingine akiwa darini na tochi. Moshi ukivuja hata kwenye ufa mwembamba, dohani hiyo haijawa tayari.

Mwenye nyumba, Mafinga
Nawashukuru sana. Kwa wakati huu, je, naweza kuwawekea watoto jiko la mkaa chumbani?

Fundi ujenzi, Njombe
Hapana, hata kwa usiku mmoja. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini katika chumba kilichofungwa. Waongezee mablanketi, na ukiona moshi au harufu ya kuungua darini, watoe wote nje kwanza, kisha piga 114, namba ya Zimamoto.