Mizani imeshuka, sketi bado haifungi: nakosea wapi?

Fundi wa Majengo

Habarini wadau. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 41, fundi cherehani hapa Dodoma, kibanda changu kiko jirani na soko la Majengo. Kazi yenyewe ni ya kukaa. Nakaa tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi, nikiinuka ni kumpima mteja au kupiga pasi. Nyama uzembe zimejaa tumboni na mgongoni.

Mdogo wangu ana sendoff Kondoa mwezi wa tano, nikasema sasa basi. Wiki ya kwanza niliacha ugali kabisa, asubuhi maji ya moto na limau, halafu najifunga nailoni tumboni ndani ya dera na kutembea mpaka kazini, kama dakika 35 kutoka Chang'ombe. Kuna kijana ana mizani pale Sabasaba, unapima kwa shilingi 200. Nilianza na kilo 86, baada ya siku saba nikakuta 82. Nilimpigia dada yangu simu palepale barabarani!

Leo ni wiki ya nne. Bado 82, na juzi ilisoma 83. Sketi ya kitenge niliyoishona mwenyewe mwaka juzi, zipu inagoma inchi mbili kabla ya kufika juu. Na Jumamosi nipo kwenye joging ya mtaa, tunakimbia kama kilomita tano. Nifanye nini kingine? Msiniambie nifunge mdomo, mume wangu ameshaniambia.

Mzee wa Kibaigwa

Funga mdomo, mama. (Shemeji katutuma.)

Dada Urembo

Pole mpenzi. Nina chai ya kukata tumbo, siku kumi tu unaona mabadiliko. Nitafute pembeni.

Bajaji ya Ipagala

Dada, mimi hizo joging nazijua, nawabeba watu wakitoka huko. Mkimaliza mnaenda wapi? Supu! Supu ya mbuzi na chapati mbili, na soda ya baridi kwa sababu "tumechoka". Nilikuwa mle mle, kilo 97, miezi minane nakimbia na kitambi kimenikalia palepale kwenye usukani. Nilipoacha chapati na soda ya Jumamosi ndipo mkanda ukaanza kurudi tundu moja moja. Mbio sikuziongeza hata hatua.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, pole na hongera kwa kuthubutu. Nimekaa wodini na kliniki miaka mingi, ngoja nikwambie bila kupamba.

Zile kilo nne za kwanza, nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha ugali ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inakufurahisha. Kilo moja ya mafuta yenyewe ina kama kalori 7,700, haiwezi kuyeyuka kwa siku mbili. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo mwendo wa salama.

Nailoni itupe leo. Inatoa jasho, haitoi mafuta, na kwa jua hili la Dodoma iko siku utaanguka njiani. Hizo chai za kukata tumbo nazo nyingi ni za kuharisha tu, Dada Urembo anisamehe. Wala usihangaike na mazoezi ya kulalia mgongo ukidhani yatachagua tumbo. Yanakaza misuli iliyo chini ya mafuta, lakini mafuta yenyewe hutoka mwili mzima, na tumbo mara nyingi ndilo la mwisho kuaga.

Bajaji kasema kweli. Mtu wa kilo 82 akikimbia kilomita tano anatumia kama kalori 400. Chapati mbili za mtaani zilizokunywa mafuta zinaweza kuzirudisha zote na chenji juu. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, ni kama vijiko vya chai tisa hivi.

Sasa wewe kipimo unacho shingoni kutwa nzima! Achana na mizani ya Sabasaba. Ila usijipime kama mteja wa gauni, pale pembamba. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha tepu katikati yake, toa pumzi, usome bila kubana. Mwanamke akizidi sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, tunaanza kumwangalia. Akizidi 88 hatari ya moyo na kisukari imepanda zaidi.

Naomba unijibu mawili. Chai unakunywa na vijiko vingapi vya sukari? Na lita moja ya mafuta ya kupikia inakaa siku ngapi hapo nyumbani, mkila wangapi?

Fundi wa Majengo

Shikamoo mama. Nimecheka halafu nikanyamaza. Supu ni kweli, na chapati ni kweli.

Chai vijiko vinne, vikombe vitatu kwa siku. Lita ya alizeti inakwisha siku tano, tuko watano. Na ugali nilioacha mchana, usiku nakula makombo ya watoto nikiwa nimesimama jikoni, nilikuwa siyahesabu.

Nimejipima ulivyosema. Kwa kipimo cha gauni nina 38. Kwa chako, 41. Miaka yote hii nawashonea watu nikijidanganya inchi tatu!

Nesi Mstaafu

Marahaba. Basi hesabu: lita kwa siku tano, watu watano, ni mililita 40 kwa kila mmoja kwa siku, vijiko vya mezani karibu vitatu. Hiyo ni kama kalori 330 za mafuta peke yake. Sukari yako ya chai nayo ni vijiko kumi na viwili. Anzia hapo kabla ya kumwonea ugali. Kula ugali wako, kiasi cha ngumi, na mboga nyingi, na maharage, choroko, dagaa au yai, maana ukijinyima sana unakula misuli yako mwenyewe. Kutembea endelea, wiki ikifika dakika 150 umefanya kazi. Na mara mbili kwa wiki simama na kukaa kwenye kiti chako bila kushika meza, mara kumi, pumzika, rudia.

Bajaji ya Ipagala

Na mlenda je? Si hauna mafuta?

Nesi Mstaafu

Wa kuchemsha hauna shida, uwekee karanga kidogo. Shida yake ni kuteleza. Mgogo mwenzangu, unajua mwenyewe tonge la uwele linavyopita bila kutafunwa, mtu anamaliza sinia hajajua.

Fundi wa Majengo

Narudi kutoa taarifa, wiki ya sita tangu mlivyonisema. Lita sasa inafika siku kumi na moja. Chai kijiko kimoja, wiki mbili za mwanzo nilikuwa nanuna kila asubuhi, wateja mashahidi. Mizani imesoma 80 tu, lakini tepu, kwa kipimo cha mama, imetoka 41 hadi 39. Zipu ya kitenge inafika juu nikiwa nimesimama, nikikaa inalalamika.

Mama mkwe alikuja kutoka Mvumi, akaniangalia, akamuuliza mwanawe kama hanilishi.

Gauni la sendoff nimelikata jana kwa kipimo cha leo. Nimeacha akiba ya mshono inchi moja kila upande.

Mzee wa Kibaigwa

Na shemeji anasemaje?

Fundi wa Majengo

Anaulizia chapati.