Kiungo cha kujiondoa kwenye barua pepe za matangazo ni cha nini?

Kaskazi_Shela: Assalaam aleikum wandugu. Nyumba ya wageni hapa Shela ina anwani 700 za waliowahi kulala, na tunataka kuwapelekea bei za kaskazi. Programu ya kutumia barua hizo inalazimisha kiungo cha kujiondoa chini ya barua. Mbona tumwoneshe mgeni mlango wa kutokea hata bei hajaisoma? Naweza kukififisha rangi?

FundiMtandao_Malindi: Waaleikum salaam. Usikififishe. Mgeni asipokiona atabonyeza kitufe cha kuripoti barua taka (spam), nacho hakijifichi. Google, wenye Gmail, inataka malalamiko yasifike 0.3% ya barua, na salama zaidi ni chini ya 0.1%. Kwa barua 700, watatu wakilalamika siku moja mmeshapita. Hapo hata barua ya kuthibitisha chumba kilicholipiwa inaweza kuangukia kwenye taka, kwa sababu jina la tovuti yenu ndilo limechafuka.

BintiMkunguni: Na sheria ipo. Kanuni za Kenya za ulinzi wa data za 2021 zinataka njia ya kujitoa iwe wazi, nyepesi na isiyo na malipo, au yenye gharama ndogo tu. Kabla ya hapo mgeni awe ameambiwa kwamba anwani yake itatumiwa kwa matangazo, naye akakubali. Kulala kwenu siku tatu si kukubali! Na kwa wageni wa Marekani, sheria yao ya 2003 inampa mtumaji siku 10 za kazi kutimiza ombi, na kiungo kiendelee kufanya kazi siku 30 tangu barua itumwe.

FundiMtandao_Malindi: Mambo mawili huharibika sana. Kwanza, kiungo kinachomwondoa mtu kikifunguliwa tu. Programu za usalama za maofisini hufungua viungo vyote kuvikagua, basi mnampoteza ambaye hakuomba. Kifungue ukurasa wenye kitufe kimoja cha kuthibitisha, bila nywila wala maswali. Pili, msimfute aliyejiondoa. Mwekeeni alama ya "asitumiwe". Mkimfuta, siku karani atakapoingiza upya daftari la mapokezi, jina linarudi na barua zinaanza tena. Huyo wa mara ya pili hana subira, ataripoti.

Kaskazi_Shela: Shukrani. Na aliyejiondoa akiomba chumba mwezi ujao?

BintiMkunguni: Uthibitisho na risiti si matangazo, mpelekeeni. Ila msimchomekee bei za Pasaka chini yake.