Mtindi, togwa au kapsuli: kipi kinafika utumboni kikiwa hai?

Mtu wa Shangani
Wakuu, nimemaliza antibayotiki juzi na tumbo bado linanguruma. Nimeambiwa nitafute bakteria rafiki. Hapa nina mtindi wa pakiti, chupa ya togwa, na kapsuli. Boksi la kapsuli limeandikwa zikae kwenye friji, lakini muuzaji alinitolea kwenye rafu ya dirishani, jua linazipiga. Kwa joto la Mtwara, humo kuna aliye hai kweli?

Mchanganya Dawa
Hizo zirudishe, mkuu. Hata ufafanuzi wa probiotiki, yaani hao vijidudu rafiki, uliotolewa 2001 na FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya), unasema vijidudu *hai*, tena kwa kiasi cha kutosha. Kama huna friji, ulizia zenye spora, mfano Bacillus clausii au Bacillus coagulans: wamejifungia kwenye ganda, joto na asidi wanavihimili. Ipo pia Saccharomyces boulardii. Huyo ni jamaa ya hamira, wala si bakteria, kwa hiyo hata ukiwa katikati ya dozi antibayotiki haimgusi. Hao wengine, mtu akiwa bado kwenye dozi, awatenganishe na dawa kwa saa mbili hivi.

Bi Masasi
Mie na togwa yangu. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe hadi vuguvugu, ndipo unatia kimea cha mtama au ulezi. Ikilala usiku mmoja, asubuhi unakuta vipovu juu na harufu ya uchachu inakupokea mlangoni. Sasa mkwe wangu huichemsha tena, eti anaua vijidudu! Nikimwambia ndio hao tunaowataka, ananuna.

Kijana wa Chuno
Shikamoo mama. Lakini tumbo likiwa tupu pH yake inacheza kwenye 2, yaani asidi kali. Hao wa togwa si wanakufa wote?

Mchanganya Dawa
Wengi hufa, ndiyo maana tunasema umeze pamoja na mlo au nusu saa kabla. Chakula kinapunguza makali ya asidi, na kikiwa na mafuta kidogo ni bora zaidi. Ukisubiri nusu saa baada ya kula, wanaopona ni wachache zaidi. Mtindi una nafuu, maziwa yenyewe yanawakinga. Ila wale wa kawaida wa kugandisha yogati, Lactobacillus bulgaricus, nyongo inawamaliza huko mbele. Soma pakiti uone kama wameongeza aina nyingine.

Mvuvi Mikindani
Na wakifika wanakula nini? Mnawapeleka ugenini bila posho. Kunde, mbaazi, kitunguu, muhogo uliopikwa ukapoa: hivyo sehemu yake haisagiki juu, inafika hadi utumbo mpana. Anza kidogo kidogo lakini, la sivyo utafukuzwa chumbani.

Mchanganya Dawa
Haha. Kwa aliye na kinga dhaifu sana, au mtoto njiti, amwone daktari kwanza. Na ukiona damu chooni au homa, acha mambo ya jukwaani, nenda hospitali.

Mtu wa Shangani
Nimerudisha. Nimepewa boksi la friji, nafika nyumbani umeme hakuna! Basi mchana huu ni wali, kunde za nazi na togwa.

Bi Masasi
Marahaba Chuno. Wewe wa Shangani, hicho kifuniko cha chupa kilegeze, isije ikakurukia usoni.